Gauni la Mtoto wa Miaka Mitano

Jocelyne Daigle alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane alipoletewa mtoto. Kabla ya hapo alikuwa amebeba mimba tatu, zote zikatoka changa, na baada ya ile ya tatu yeye na mumewe Renaud hawakulizungumza tena jambo hilo. Alikuwa mpishi katika jiko la shule, katika bonde la wakulima wa viazi huko kaskazini kwenye baridi. Kila Septemba, shule ilipofungwa ili watu wavune viazi, alipanda juu ya mashine ya kuvunia ya mzee Guerrette, akasimama na wanawake wenzake kando ya mkanda unaopitisha viazi, akawa anachambua mawe na madongo tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Renaud ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hizo. Maisha yao yalikuwa kazi, kanisa, na kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba.

Mtoto aliletwa mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha. Aliyemleta ni Mindy, binti wa marehemu dada yake Jocelyne. Alisimama mlangoni bila kuvua koti, mtoto kamfunika blanketi kifuani, na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

"Wiki mbili tu, mama mdogo. Nikipata pa kukaa kule mjini Lewiston nakuja kumchukua."

"Lewiston ni mwendo wa saa tano, Mindy. Unakwenda na nani?"

"Kuna mtu. Wiki mbili tu, nakuapia."

Mindy alikuwa ameanguka kazini miaka miwili nyuma, akaumia mgongo, akaandikiwa vidonge vya maumivu. Mgongo ulipona, vidonge vikabaki. Bonde zima lilijua, na Jocelyne alijua zaidi, kwa sababu dada yake siku za mwisho alimshika mkono akamwambia, "Mwangalie Mindy," naye akaitikia. Basi akanyoosha mikono akampokea mtoto. Alikuwa wa miezi mitano, ameitwa Odette kwa jina la bibi yake huyo aliyefariki, na shingo yake ilinuka maziwa yaliyochacha.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Simu ya Mindy ikawa haipatikani. Mahakama ikampa Jocelyne hati ya ulezi, naye akaiweka katika droo ya vijiko, kwa kuwa hakuwahi kumiliki karatasi nzito kiasi hicho na hakujua karatasi kama hizo watu huziweka wapi.

Jirani yake Lorette, waliyesimama naye kwenye mkanda wa viazi kwa miaka ishirini, hakuwa mtu wa kuuma maneno.

"Jocelyne, wewe unajiumiza. Cha kuazima hakikai. Siku mwenyewe akirudi utalia mpaka utapike."

"Basi nitatapika," alisema Jocelyne, na akaendelea kumkatia mtoto kucha.

Odette alichelewa kusema. Alifika miaka miwili, akapita, na hajatamka neno. Alitazama tu. Ukimwambia jambo alikukazia macho kama karani anayepima kama mzigo umefika kamili. Jocelyne alimpeleka kliniki, wakampima masikio, wakasema anasikia vizuri, asubiriwe. Siku moja Renaud alikuwa uani, chini ya trekta dogo lililomshinda wiki nzima. Jocelyne akamuuliza litakuwa tayari lini.

"Kesho," alijibu Renaud.

Odette, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema kwa sauti safi kabisa, "Jana ulisema kesho."

Renaud alijigonga kichwa akitoka chini ya trekta. Alikaa chini kwenye mafuta, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Jocelyne akambeba mtoto akazunguka naye uani akimwomba aseme tena. Hakusema. Alikuwa amekwisha sema.

Tangu hapo ndivyo alivyokuwa. Maneno yake yalikuwa machache na yote ya kweli, nayo aliyatoa bila ukali, kama mtu anayekurudishia kitu ulichokiangusha. Lorette alipopaka nywele rangi, Odette alimwambia mlangoni mwa kanisa kwamba sasa amefanana na jogoo wao. Kisha akaongeza, "Jogoo wetu ni mzuri," maana alikuwa amefikiri akaona hilo pia ni kweli. Kuku aliwapa majina yeye mwenyewe, na hakukubali jina libadilishwe hata kuku mmoja alipogundulika kuwa jogoo. Shuleni mwalimu wake aliandika kwamba mtoto huyu anapogombana na wenzake huenda kukaa peke yake, akishamaliza kufikiri hurudi na kueleza nani alikosa, hata kama aliyekosa ni yeye. Jocelyne alisoma barua hiyo jikoni mara nne. Alijiuliza tabia hiyo imetoka kwa nani. Marehemu dada yake hakuwa hivyo, wala Mindy, na yeye mwenyewe katika maisha yake alikuwa ametunza amani kwa kunyamaza.

Odette alimwita Jocelyne mama. Hakuna aliyemfundisha. Na Renaud aliitwa Renaud tu, kwa sababu ndivyo mama alivyomwita.

Mindy alirejea polepole, kama mtu anayejaribu barafu ya mto kwa ncha ya kiatu. Kwanza ilikuja kadi ya Krismasi, kisha simu. Yule mtu aliyemfuata Lewiston hakuwepo tena. Alikuwa amekaa miezi mingi mahali pa kutibiwa, sasa anafanya kazi ya kufua katika nyumba ya wazee, na kila jioni anahudhuria mkutano wa watu walioacha vidonge kama yeye. Alipokuja mara ya kwanza, Odette alikuwa na miaka minne. Mindy alikuwa amenenepa kidogo, macho yametulia. Alikaa ukingoni mwa kochi, mikono kaibana katikati ya magoti, wala hakujaribu kumshika mtoto.

"Wewe ni nani?" Odette alimuuliza.

"Mimi ni Mindy. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Odette alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kumletea yai.

Ikawa anakuja kila mwezi, kisha kila baada ya wiki mbili. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo Jocelyne hakumwambia hata Renaud. Kuna Jumapili moja, amepiga magoti kanisani, alijikuta anaomba Mindy asipone. Hakuomba afe wala aumie. Aliomba tu achelewe kupona, aanguke kidogo, miaka ipite. Aliposikia moyo wake unasema nini alisimama akatoka nje kabla ya komunyo, akakaa ndani ya gari. Alikuwa akimwombea mabaya mtoto wa dada yake.

Majira ya baridi yaliyofuata Mindy alipeleka ombi mahakamani. Kesi ilisikilizwa Agosti. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye upole, na upole wake ndio uliomvunja Jocelyne nguvu, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kupambana na mtu mbaya. Hakimu alisema kwamba mtoto huyu amependwa vizuri kuliko wengi wanaopita mbele yake. Kisha akasema mama amepona, ana kazi, ana makazi, na ulezi ni wa muda mama anapokuwa hawezi, sasa anaweza. Mtoto ataondoka Jumamosi ya pili ya Oktoba, baada ya mavuno.

Wakili wao alisema wanaweza kukata rufaa. Renaud aliendesha gari kurudi nyumbani.

"Unataka tukate?" aliuliza wakiwa njiani.

"Nataka," alisema Jocelyne. Baadaye, karibu na daraja, akasema, "Hapana. Tutamwambia nini akikua? Kwamba mama yake alirudi kumchukua, sisi tukamfungia mlango?"

Kilichobaki ni kumwambia mtoto. Mshauri waliyepewa na mahakama alisisitiza wamwambie pamoja, mama wote wawili, meza moja. Mindy alipiga simu.

"Mama mdogo, kabla ya siku ya kumchukua kazini wamenipa ruhusa ya siku moja tu. Tarehe ishirini na saba Septemba."

"Hiyo ni siku yake ya kuzaliwa, Mindy."

"Najua tarehe niliyomzaa."

Kisha Mindy akasema kwa sauti ndogo, "Samahani. Nimejaribu kuomba siku nyingine. Wenzangu wawili wanaumwa."

"Njoo basi. Lakini keki kwanza. Ale keki yake kwanza."

Odette alipoulizwa anataka nini siku ya kutimiza miaka sita, hakutaka mwanasesere wala baiskeli. Alitaka kuokota pipa zima la viazi kwa mikono, kama walivyofanya watu wa zamani kabla ya mashine, na alitaka tikiti yenye namba yake ya kubandika kwenye pipa, lijulikane ni lake. Renaud alimwomba mzee Guerrette kona ya shamba, akachimbua mistari miwili, akamtolea kikapu cha mamake Renaud kilichokuwa kikining'inia ghalani. Alimkatia kijikaratasi akaandika sita.

"Pipa ni kubwa, Odette. Watu wazima hulijaza kwa vikapu vingi. Ukichoka useme."

"Nikichoka nitakaa. Sitasema."

Jocelyne alikuwa juu ya mashine upande wa pili wa shamba siku hiyo. Kila mashine ilipogeuka mwisho wa mstari alimwona, koti jekundu limeinama katikati ya udongo mweusi. Mtoto alijaza kikapu nusu, kwa kuwa kikijaa hakibebeki, akakiburuza mpaka kwenye pipa, akapanda juu ya kreti, akamimina, akarudi. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Mara moja Jocelyne alimwona amekaa kitako. Lorette, jirani yake pale kwenye mkanda, alimgusa kwa kiwiko.

"Amechoka huyo. Nenda kamsaidie."

"Hatanishukuru."

"Mkaidi kama punda."

"Ndiyo," alisema Jocelyne. Alikuwa anajivunia mtoto huyo mpaka kifua kinauma, na katika maumivu hayo hayo kulikuwa na hesabu ya siku kumi na nne zilizobaki.

Kufikia mchana pipa lilijaa. Odette alibandika tikiti yake, akasimama kando mikono nyuma, akangoja watu waje waone. Mashine ilizimwa. Wanawake wote walishuka, wakalizunguka pipa, wakalikagua kwa heshima kama la mtu mzima. Mzee Guerrette alichukua kiazi kimoja, akakigeuza, akasema hakina hata mchubuko. Mtoto aliinamisha kichwa kidogo, kukubali kwamba ni kweli.

Mindy alifika saa tisa alasiri, amechoka na safari, ameshika boksi lililofungwa kwa utepe. Jikoni kulikuwa na mchuzi mzito wa kuku na madonge ya unga, na vichapati vya kwao viitwavyo ploye, vilivyorundikwa chini ya kitambaa, na keki yenye mishumaa sita. Walikuwa watano tu: wao watatu, Mindy, na Lorette aliyekuja na bakuli la jamu. Odette alizima mishumaa, akafungua boksi.

Ndani mlikuwa na gauni la zambarau lenye nyota za fedha kifuani.

"Nimelichagua mwenyewe," alisema Mindy. "Nilizunguka maduka matatu. Nikaliona nikasema, hili ni la Odette."

Odette aliligeuza. Nyuma ya shingo palishonwa kitambaa kidogo chenye namba tano. Alikuwa anajua kusoma namba. Jocelyne aliona kidole chake kimesimama juu ya ile tano. Watu wote pale, isipokuwa Mindy, walijua mtoto huyu huwa anasema nini. Lorette alianza kukohoa.

"Nakwenda kulivaa," alisema Odette.

"Nikusaidie?" aliuliza Jocelyne.

"Hapana."

Alikaa chumbani muda mrefu. Alipotoka, mikono ilikuwa imebanwa na mabega ya gauni hata hailali ubavuni, na pindo lilikuwa juu ya magoti sana. Alitembea kwa kuupa ukuta mgongo mpaka akafika kwenye friji, akaiegemea.

"Linanitosha," alisema.

Mindy alifunika uso kwa viganja kwa furaha. Jocelyne alijishughulisha kukata keki. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mtoto huyu akisema uongo. Sasa alikuwa amesimama pale, zipu ya mgongoni wazi kama alivyojua Jocelyne bila kuiona, anakula keki wima ili mtu aliyesafiri saa tano asione kwamba hajui ukubwa wa mwanawe. Huruma hiyo hakuwa nayo mwaka jana. Ilikuwa imeota yenyewe, kimya kimya, kama jino. Na Jocelyne akafikiri: haya yanayokuja kuota baada ya hili, hayo sitayaona.

Lorette aliaga. Renaud akasema anakwenda kuangalia kuku. Wanawake wawili wakabaki mezani na mtoto.

Mindy alianza, akakwama, akaanza tena. Alisema kuhusu hakimu. Alisema alikuwa mgonjwa na sasa amepona. Alisema ana chumba cha Odette tayari, chenye dirisha.

"Ghorofa ya ngapi?" aliuliza Odette.

"Ya tatu."

"Kuku hawawezi kukaa ghorofa ya tatu."

"Hapana. Hawawezi."

"Ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ya pili kutoka hii."

Odette alimgeukia Jocelyne. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

Mtoto alifikiri. "Agosti nilikukuta unalia hapa. Nikakuuliza, ukasema kitunguu."

"Ndiyo. Nilisema kitunguu."

"Hakukuwa na kitunguu. Niliangalia."

Odette aliteremka kwenye kiti, akaenda chumbani akafunga mlango. Mindy akaanza kulia, na Jocelyne, kwa mazoea ya tangu Mindy ni mtoto, akainuka akamshika kichwa akakiegemeza tumboni mwake, akakaa hivyo akimtazama mwanamke mwingine anavyolia machozi aliyostahili kuyalia yeye.

Baada ya Mindy kuondoka mlango ulifunguliwa kidogo. Odette alikuwa amekwama ndani ya gauni. Jocelyne alipolivuta, mshono wa ubavuni ulichanika.

"Usimwambie," alisema Odette.

"Sitamwambia."

"Nimekukasirikia."

"Najua."

Usiku huo hakumtaka amsomee hadithi. Asubuhi alikuja mezani ameshavaa, akavuta kiti.

"Jocelyne, maziwa yamekwisha."

Renaud aliacha kutafuna.

"Mbona unaniita hivyo?" aliuliza Jocelyne polepole.

"Nafanya mazoezi."

"Mindy amekuambia?"

"Hapana. Lakini niliuona uso wake jana nilipokuita mama ukate keki. Siwezi kuwa na mama wawili, nitachanganya. Ni bora nianze sasa, nisikosee kule."

Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imeisha usiku, na aliyebaki pale ni mtoto aliyekaa akafikiri akapata njia. Jocelyne alisema sawa. Alivaa koti, akatembea mpaka kwenye banda la kuku, akainama kupita mlango mdogo, akakaa sakafuni kwenye majani, akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa kwa ajili ya zile mimba tatu.

Siku kumi na tatu zilizobaki zilikwenda hivyo. Mara nyingine mtoto alijisahau, "Ma—", akajirekebisha. Renaud alitengeneza kila kitu ndani ya nyumba ile, hata visivyoharibika. Jocelyne alilifumua lile gauni pande zote mbili, akaongeza vipande vya kitambaa cheusi tangu kwapani mpaka chini, akashusha pindo. Likamkaa vizuri. Odette alijitazama kwenye kioo, akasema, "Sasa ni kweli."

Siku ya kuondoka alilivaa, juu yake sweta isiyofungwa vifungo. Mindy alipomfunga mkanda wa gari, kidole chake kilipita juu ya kile kitambaa cheusi, kikasimama. Aliinua macho akamtazama Jocelyne aliyesimama kwenye changarawe. Uso ukamwiva. Alielewa yote mara moja, na kitu alichoweza kusema ni, "Ahsante, mama mdogo," nayo ilikuwa ahsante ya mambo mengi sana hata haikusikika vizuri.

Odette alitoa kichwa dirishani.

"Unalia?"

"Nalia," alisema Jocelyne.

"Sawa," alisema mtoto, naye akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu alipoambiwa. Gari likaondoka hivyo. Renaud alilifuata kwa miguu mpaka barabarani, mikono imelegea, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda kuchukua nini.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Waliongea kwa simu kila Jumapili saa kumi. Mwanzoni saa nzima: kuku mmoja mmoja kwa jina lake, nani ametaga, nani amenyonyoka. Kufikia mwezi wa tatu ilikuwa nusu saa, kisha robo. Jumapili moja, katikati ya sentensi, Odette alisema, "Subiri, mama ananiita," na Jocelyne, mkono kwenye simu, alikuwa ameshafungua mdomo kuitika, "Abee?", kabla hajakumbuka kwamba mama ni mtu mwingine. Aliketi jikoni akisikiliza sauti za nyumba ile nyingine: maji ya bomba, kicheko, kiti kinaburuzwa. Mtoto alisahau kurudi. Baada ya muda Jocelyne akakata simu taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa aliyelala.

Ilipofika tarehe ishirini na saba Septemba, Renaud aliacha mashine katikati ya mavuno, jambo ambalo mzee Guerrette hakuwahi kuliona, wakashuka Lewiston na sanduku la viazi na keki magotini mwa Jocelyne.

Ngazi za ghorofa tatu ziliwatoa pumzi. Mlango ulifunguliwa na msichana mrefu kuliko waliyemtarajia, pengo mbele mdomoni, nywele zimesukwa mistari midogo midogo na mama wa rafiki yake Hodan wa ghorofa ya pili. Akaruka shingoni mwa Jocelyne, kisha shingoni mwa Renaud, kisha akageuka kuwaambia watoto waliojaa sebuleni, "Huyu ni bibi yangu. Anaishi kwenye viazi."

Watoto walicheka, naye alicheka. Hicho kilikuwa kipya: alikuwa amejifunza kuchekesha. Alisema jambo, akangoja, akaona wenzake wanaanguka kwa kicheko, macho yake yakang'aa. Aliimba mbele ya watu, vibaya, bila kujali. Alibishana na Hodan kuhusu nani akate keki, akashindwa, akakubali, akamkabidhi kisu. Mindy alipita katikati yao na sahani, amechoka, nywele zimemtoka kwenye kibanio, akiitwa mama huku, mama kule, na akiitika. Jocelyne alikaa kwenye kochi na kikombe cha chai kilichopoa. Alimtafuta yule mtoto wa maneno machache ndani ya huyu mwenye kelele, na kila alipodhani amemwona, alikuwa amekwisha kimbilia chumba kingine.

Kabla ya kuondoka, Odette alimshika mkono akampeleka kuona dirisha lake. Chini kulikuwa na uwanja wa lami na kamba ya kuanikia nguo.

"Odette, uko vizuri hapa?"

Mtoto alikunja uso akafikiri, na kwa muda mfupi huo alikuwa wa zamani kabisa.

"Mwanzoni nilikuwa nalia kila siku. Siku hizi nasahau."

"Unasahau nini?"

"Kulia."

"Hiyo ni nzuri, mwanangu."

"Si kila siku nasahau," alisema Odette, akambana mkono. Halafu Hodan akaita, naye akakimbia.

Njiani kurudi giza liliwakuta kabla ya mji wa Bangor. Renaud aliuliza kama anataka kusimama wale chochote. Jocelyne alisema hapana. Kilomita mia baadaye alisema, "Pengo linampendeza," na Renaud akasema linampendeza kweli.

Asubuhi iliyofuata alipanda juu ya mashine, akafunga kitambaa kichwani, akasimama mahali pake. Mkanda ukaanza kukimbia. Lorette alimsogelea.

"Haya, nieleze. Amekua?"

Jocelyne alimweleza. Alieleza pengo na nywele, alieleza Hodan na wimbo uliopotea sauti, mikono yake ikiendelea kunyakua mawe na kuyatupa kando. Alieleza vizuri, hata Lorette akacheka mara mbili. Alipofika kwenye dirisha na yale maneno ya kusahau, mikono yake ikasimama juu ya mkanda. Lorette, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, alitazama viazi. Kisha akanyoosha mkono akawa anachambua na sehemu ya Jocelyne pia, sehemu mbili kwa mikono miwili, mpaka mashine ilipofika mwisho wa shamba.